Mzee wa chini

Juzi kuna mtu kaposti picha ya shamba la mkonge la kwetu Muheza, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka, nami badala ya kukumbuka nyumbani nikamkumbuka mtu ambaye hajawahi kukanyaga Tanga wala Afrika yenyewe. Mmexico, marehemu baba mwenye nyumba wangu wa Chicago. Sa hivi ni saa saba usiku na kesho nina zamu ya asubuhi, lakini nilimuahidi binti yake mkubwa kwamba ntaandika kitu na kila siku napiga danadana, leo acha niandike liwalo na liwe.

Jina lake silitaji, familia yake ni watu wa kimya, hawapendi mambo ya mitandaoni. Mimi nilikuwa namwita Mzee. Siku ya kwanza alijitambulisha, kabla ya jina akaweka Don, nikamuuliza Don ndo nini, akanieleza kwa mikono na Kiingereza cha kuokoteza kwamba kwao mtu mzima anaheshimiwa hivyo, nikamwambia basi kwetu huyo ni Mzee. Akalipenda hilo. Akawa nikimpigia anapokea kwa "Mzee hapa", na wajukuu zake wakalidaka, wanajua ni jina la utani la babu tu. Yeye aliniita vecino, yaani jirani, japokuwa nilikuwa mpangaji na kodi alikuwa anaidai tarehe moja, si tarehe mbili.

Nilihamia kwake mwishoni mwa 2010. Nyumba zile za matofali za Chicago, familia moja chini familia moja juu, yeye na mkewe na watoto chini, mimi na washkaji wawili, Mkenya na Mkongo, juu, wote tunabeba boksi. Mtaa unaitwa Little Village lakini wenyewe wanauita La Villita, na ukiingia barabara ya 26 unapita chini ya lango kubwa limeandikwa Bienvenidos, yaani karibuni, ukishavuka hapo Kiingereza chako kiweke mfukoni.

Sasa Februari 2011 ikashuka theluji ambayo Chicago mpaka leo wanaisimulia, inchi 21 kwa usiku mmoja na kidogo, magari yakanasa Lake Shore Drive, ile barabara ya kandokando ya ziwa, watu wako ndani. Mimi ndo baridi yangu ya kwanza hiyo. Siku ya tatu narudi kazini nakuta mtaa mzima hakuna pa kupaki isipokuwa nafasi moja safi kabisa, imechimbwa vizuri, katikati kuna kiti cha plastiki cha jikoni na ndoo. Nikasema hawa watu nao, wanatupaje viti barabarani, nikasogeza kiti pembeni nikapaki nikaenda kulala. Kumbe huku mtu akichimba nafasi kwa beleshi lake anaweka kiti na hiyo inakuwa yake mpaka theluji iyeyuke, sheria yoyote haiitambui lakini usiiguse! Asubuhi nakuta gari limemwagiwa maji usiku yakagandia juu yake, milango haifunguki, gari zima limekuwa kama samaki wa kwenye friza. Mzee hakucheka mbele yangu. Alichukua beleshi akachimba nafasi nyingine mbele ya nyumba, karibu masaa mawili, mtu wa miaka 53, alafu akabeba sahani ya tamales akaenda kwa mwenye kiti kuniombea radhi. Aliporudi ndo akacheka, alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

Tamales kama huzijui ni unga wa mahindi unakandwa na mafuta, unatiwa nyama katikati, unafungwa kwenye maganda ya mahindi unapikwa kwa mvuke. Mafuta yenyewe ya nguruwe na nyama mara nyingi ya nguruwe. Krismasi ya kwanza alinipandishia sahani nikamwambia Mzee samahani mimi Muislamu, akashuka nayo bila neno, nikajua nimemuudhi. Krismasi ya pili akapanda na sufuria dogo peke yake, tamales za kuku, zimekandwa kwa mafuta ya mahindi, kila moja imefungwa uzi mwekundu ili mkewe asije akachanganya na zile nyingine. Alizifunga yeye mwenyewe, mkewe ndo aliyeniambia. Miaka yote iliyofuata, uzi mwekundu.

Na mahindi ndo yalikuwa utani wetu. Alinikuta nasonga ugali akasimama mlangoni anaangalia mwiko, akaniuliza mbona hatutii chokaa, kwao mahindi lazima yachemshwe na chokaa kwanza ganda litoke ndo yasagwe, nikamwambia chokaa sisi tunapaka ukutani na wazee wanatafunia tambuu. Akatikisa kichwa. Mahindi yametoka Mexico jamani, huko ndo yalikoanza kulimwa maelfu ya miaka kabla Mreno hajatuletea, kwa hiyo Mzee alikuwa akiniona na ugali ananiambia nakula chakula cha bibi yake na sijui kukipika. Nikimtajia parachichi anasema hilo nalo lao, nyanya nayo yao. Mtu wa Michoacán, jimbo lake huko Mexico la parachichi, ukianza naye mambo hayo hulali.

Lakini iliyotuunganisha kweli ni picha. Nilikuwa na picha ya mama yangu kasimama pembeni ya shamba la mkonge, kavaa kanga, kashika mwamvuli. Mzee akaiona ukutani akaisogelea akatoa miwani, akauliza mama yako alifika lini Mexico? Nikamwambia hapo ni Tanga. Akasema haiwezekani, hiyo ni maguey, mama yako kasimama kwenye shamba la mjomba wangu. Ikabidi tufungue simu tutafute, tukakuta kumbe mkonge asili yake ni kwao kweli, hata lile jina la Kiingereza, sisal, ni la bandari moja ya Yucatán, huko huko Mexico. Mjerumani mmoja mtaalamu wa kilimo, Hindorf, ndo aliagiza miche elfu moja kutoka Florida mwaka 1893, ikafika Tanga mizima 62 tu, na kutoka kwenye hiyo 62 yakaota mashamba yote yale niliyokulia katikati yake. Mzee aliisoma namba hiyo mara mbili. Sixty-two, vecino, akawa anasema, kama anazungumzia ndugu zake waliovuka.

Nikamwambia babu mzaa baba aliletwa kwenye mkonge huo kama manamba, SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kutafuta vibarua, ilikuwa inawazoa watu Kigoma huko kwa mkataba, mtu anapewa namba, anaishi kambini, anakata majani kwa kuhesabiwa. Mzee akanyamaza. Alafu akasema baba yake naye alikuwa bracero. Neno linatokana na mkono, yaani watu wa mikono tu, Marekani ilikuwa inawachukua Mexico kwa mkataba kuanzia 1942 mpaka 1964 wakalime na kuchuma, mikataba zaidi ya milioni nne. Pale mpakani wanavuliwa nguo wanapuliziwa dawa ya unga ya wadudu, DDT, kama magunia ya mahindi. Na wale wa miaka ya mwanzo walikatwa asilimia 10 ya mshahara eti iwekwe benki Mexico wakirudi wapewe, wengi hawakuiona. Baba yake alikuwa mmoja wao, na mpaka anazeeka alikuwa anaizungumzia ile 10 kama mtu aliyeibiwa ng'ombe na anamjua mwizi. Tukabaki tumekaa pale, mjukuu wa manamba na mtoto wa bracero, chai imepoa.

Yeye mwenyewe alivuka 1978 ana miaka 21, hana mkataba wala karatasi. Hakupenda kusimulia alivyovuka, ukimuuliza anasema nilitembea. Akaingia kiwanda kimoja cha pipi Chicago akasimamia masufuria ya karameli miaka zaidi ya ishirini, mkewe anasema koti lake lilikuwa linanukia sukari hata baada ya kufuliwa na watoto wakiwa wadogo walikuwa wanalilamba mkono. Yeye pipi hakugusa. Mwaka 2003 kiwanda kikafungwa, na sababu aliyopenda kuisimulia kwa kejeli ni kwamba sukari Marekani serikali inailinda bei iko juu, kwa hiyo baadhi ya matajiri wa pipi wa Chicago walihamishia kazi Mexico. "Mimi nimekuja huku kuifuata kazi, kazi imenikimbia imeenda kwetu." Akaanza kukata majani ya watu na mpwa wake, miaka 46 mtu anajifunza mashine upya.

Makaratasi aliyapata kwa ile sheria ya Rais Reagan ya 1986, aliyekuwa Marekani tangu kabla ya 1982 aliruhusiwa kuomba, na watu kama milioni 2.7 wakahalalishwa kwa jumla. Yeye alikuwa na risiti za kila kitu. Hapo ndo penyewe nataka kusema, huyu mtu alikuwa wa risiti. Kila Ijumaa akitoka kazini kabla hajafika nyumbani anapita barabara ya 26 kumtumia mama yake hela, hata dola ishirini, na risiti inaingia kwenye kopo la biskuti, lile la bluu la duara ambalo kila nyumba duniani ndani mna sindano na nyuzi. Wakili alipomwambia thibitisha umeishi hapa miaka yote hii, wenzake wanahangaika kutafuta barua za mwajiri, yeye kaweka kopo mezani. Kwa hiyo mama yake ndo aliyempatia grinikadi, nilimwambia hivyo siku moja akakubali.

Alikuwa na mapungufu yake, tusimpambe. Bahili wa hita vibaya mno, Desemba ananiambia vaa soksi mbili. Mbishi. Alikorofishana na mtoto wake wa pili kwa sababu dogo aliacha chuo akaenda kuendesha lori, miaka miwili hawasemeshani, na muda wote huo Mzee ndo alikuwa anamlipia bima ya gari na anamkataza mkewe asimwambie. Mimi nilijua kwa sababu barua zilikuwa zinakuja kwenye sanduku letu la juu. Sasa mapenzi gani hayo ya kufichwa kama deni, sijui, ila dogo alikuja kujua msibani.

Julai 2017 mama yangu akafariki. Simu iliingia saa tano usiku, Tanga ni saa moja asubuhi. Mimi ombi langu la makaratasi lilikuwa linashughulikiwa na nilikuwa sina kibali cha kusafiri, ukitoka hivyo ombi limekufa, na ndugu wanakuuliza unakuja lini na huwezi kuwaeleza mambo ya fomu mtu akiwa analia. Nilishuka ngazi hata sijui nilikuwa nashukia nini, nikakuta taa ya jikoni kwake inawaka. Alikuwa kanisikia kwa juu. Akavuta kiti, akaweka birika, akakaa. Hakunishika bega wala kuniambia pole kwa lugha yoyote, alikaa tu. Kama saa nane usiku akaanza kuongea, akaniambia 1985 baba yake alikufa kijijini, yeye hana karatasi, kutoka anaweza ila kurudi ni kwa kulipa mtu wa kukuvusha na hela hana na mkewe ana mimba ya mtoto wa tatu. Habari yenyewe ilimfikia siku tisa zimepita, maiti imeshazikwa na sala zimeshakwisha. Akaenda kazini. Alisimama kwenye karameli zamu nzima na alipotoka hakukumbuka kama alikula.

Mazishi ya mama yalikuwa baada ya adhuhuri, kwetu Chicago saa kumi na moja alfajiri. Binamu yangu alishika simu makaburini, picha inakwama inaachia, unaona kanzu, unaona majani, unaona udongo, inakwama. Mzee alivua kofia yake ile ya kazini akaiweka gotini akatazama nami mpaka mwisho, hata ilipobaki sauti tu. Alafu akapanda pikapu akaenda kukata majani ya watu, hajalala.

Novemba ya mwaka huo akaja kuniomba picha ya mama. Ile ya mkonge. Wao tarehe 1 na 2 Novemba wanaandaa meza ya marehemu wao, picha, mishumaa, glasi ya maji maana wanasema wafu wanafika na kiu, chumvi, mkate, chakula alichopenda mtu, na yale maua ya rangi ya chungwa yanayonukia mpaka ngazini. Mimi nikasita. Sisi kwetu kuna hitima, kuna arobaini, lakini mambo ya kumwekea maiti sahani hapana, nikamwambia Mzee dini yangu hii kitu haina. Akasema ya kwangu ninayo mimi, wewe nipe picha tu, nitamwangalia. Nikampa, na wanaotaka kunihukumu kwenye hili wanihukumu.

Sukari ilimshika taratibu, sukari ya mwili nasema, na yeye hospitali alikuwa anaiona kama polisi. Anakunywa soda za chupa za Mexico amezificha gereji, mkewe anazihesabu, anaficha kwingine. Mpaka 2021 ikawa kusafisha figo mara tatu kwa wiki, Jumatatu Jumatano Ijumaa, na kwa sababu Ijumaa ndo siku yake ya kutuma hela alikuwa anatoka kwenye mashine mguu mzito anataka apitishwe barabara ya 26 kwanza. Nimempeleka mara nyingi. Mama yake alikuwa bado hai, miaka 90 na kitu, wangeweza kutuma kwa simu kama watu wote, binti alimfundisha, akakataa, alitaka karatasi.

Alifariki Januari 2023. Sasa kilichotushangaza wote ni suala la kuzikwa wapi. Huyu mtu alikuwa kajenga Michoacán, ghorofa mbili, kila mtoto na chumba chake, vitanda bado viko kwenye nailoni toka dukani. Kila mwaka alikuwa anapakia pikapu mpaka kamba zinalia, friji, baiskeli, mashine za kufulia, anaendesha siku mbili na nusu kwenda kwao. Alikuwa kwenye kile chama chao cha kijiji, wanafanya disko na bahati nasibu hapa Chicago wanachangisha, na serikali yao enzi hizo kwa kila dola ya mhamiaji ilikuwa inaongeza tatu, barabara ya kijiji wamewekewa lami kwa hela za kufagia theluji. Sisi wabongo tunajua kuchangishana, ila ya kuongezewa tatu wallahi nilimuonea wivu. Kwa hiyo kila mtu alijua Mzee atasafirishwa. Ubalozi mdogo wa Mexico ulishaulizwa taratibu, binti keshaanza kupiga simu. Mkewe akasema acheni, alishaniambia. Anazikwa hapa hapa.

Kumbe alimwambia mwaka mmoja nyuma, wakiwa kwenye gari, kwamba kule kaburi lake litatembelewa Desemba na wenye nafasi, huku watakuja Jumapili. Basi. Na nyumba je? Nyumba wataenda kulala wakienda likizo, vitanda vipya.

Alizikwa siku ambayo upepo ulikuwa unakata masikio, mtoto wa lori ndo alitangulia kushika jeneza. Usiku tisa mfululizo walisali rozari sebuleni kwao na mimi nilishuka usiku zote tisa, nikakaa kwenye kile kiti cha karibu na friji, hawa wanasali kwa lugha yao na mimi nasoma Fatiha kimoyomoyo, hakuna aliyeniuliza. Matanga ni matanga. Kahawa, mikate, watoto wanalala kwenye makoti ya wageni kitandani, mjomba mmoja anachekesha watu uani kwenye baridi, ukifumba macho uko Muheza.

Kopo la biskuti lilifunguliwa usiku wa tisa. Yalikuwa matatu, siyo moja. Risiti zimefungwa kwa mpira kila mwaka na wake, za zamani wino umefutika karatasi imebaki nyeupe, na hizo nyeupe nazo kazitunza. Ya mwisho ni ya Ijumaa ya mwezi huo huo, dola arobaini, nakumbuka kwa sababu mimi ndo niliegesha gari nje na taa za hatari zinawaka na kuna mtu ananipigia honi.

Novemba ya mwaka huo mimi nilishahama, nimeoa, niko kaskazini ya mji, nikapigiwa simu na mkewe nije na picha ya mama. Nikaenda. Meza ilikuwa imeshapangwa, Mzee kapigwa picha na kofia yake ya kazini, mbele yake soda ya chupa, ile ile aliyokuwa anaificha, imefunguliwa kabisa kizibo kimewekwa pembeni. Na tamales, na kati yake mbili zina uzi mwekundu. Mke wa Mzee akachukua picha ya mama yangu akaipangusa kwa aproni akaiweka upande wa pili wa mishumaa, akasimama anaangalia. Akaniuliza mama yako alikuwa anajua Kihispania? Nikamwambia hapana, Kiswahili na Kibondei tu. Akafikiri kidogo, akaichukua picha ya Mzee akaisogeza karibu na ya mama, akasema wataelewana, huyu hata Kiingereza hakukijua na nyumba alinunua.